Wageni saba, jiko moja la mkaa, shilingi 40,000: niwapikie dagaa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa nyumbani hapa Mwanga, Kigoma. Jumamosi ya wiki ijayo tunapokea wageni saba, marafiki zetu tuliosoma nao chuo. Watatu wanatoka Dar es Salaam na wanne Tabora. Watalala kwa ndugu zao Ujiji, ila chakula cha usiku watakula kwangu. Nikijijumlisha mimi na mume wangu tunakuwa watu tisa.

Nina jiko moja la mkaa na jiko dogo la gesi la mtungi wa kilo 6. Sufuria kubwa ninayo moja, za kati mbili, na kikaango kimoja. Friji sina. Pesa niliyotenga ni shilingi 40,000, na mkaa umo humo humo.

Mara ya mwisho walipokuja wageni nilipika pilau ya nyama, mchele kilo 3 kwenye sufuria moja. Hela iliisha, na chakula kilitoka saa 4 usiku. Chini kiliungua, juu mchele ulikuwa na kiini, na nyama ilikuwa ngumu. Wageni walikula kwa kunistahi tu, na mimi jioni nzima nilikuwa nje napuliza mkaa.

Safari hii nawaza dagaa wa mawese na ugali. Mume wangu anasema kumwekea mgeni dagaa ni kumdharau, heri tukope tununue kuku. Isitoshe, mmoja wa wageni ana vidonda vya tumbo, pilipili hagusi, na mwingine hali samaki wa aina yoyote. Naomba unielekeze hatua kwa hatua: nipike nini, kiasi gani, nianze saa ngapi?

Mama wa Mwanga

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu.

Msikope. Wageni wako wa Dar es Salaam wakitaka dagaa wa Kigoma huko kwao, huwapata kwa bei kubwa kuliko dagaa wengine sokoni, na mara nyingi wamekwisha kaa gunia miezi. Wewe uko hatua chache kutoka mwalo wa Kibirizi na wa Katonga, wavuvi wanakoshusha dagaa. Mgeni hudharauliwa kwa dagaa wenye mchanga na wenye uchungu, waliotupwa sufuriani bila kuchambuliwa. Waliochaguliwa, wakachambuliwa na kuungwa vizuri ni chakula cha heshima, na mume wako atakubali akishaonja.

Kwanza nikueleze pilau yako iliharibika wapi. Kilo 3 za mchele kwenye jiko dogo la mkaa ni mzigo. Moto unapiga katikati ya kitako cha sufuria, kingo hazipati kitu, na mvuke haufiki juu. Ukiongeza mkaa, chini kunaungua kabla juu hakujaiva. Nyama nayo ilitaka saa nzima au zaidi ya kuchemka peke yake kabla mchele haujaingia, na jiko ni hilo hilo. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hujui kupika. Ulichagua chakula kisicholingana na jiko lako.

Kwa watu tisa na vyombo ulivyonavyo, pika vitu vitatu: dagaa wa mawese, kisamvu cha karanga (wengi wetu hapa tunakiita sombe), na ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo. Kisamvu ndicho kinachochukua muda mrefu, na bahati nzuri ndicho kinachokubali kupikwa siku moja kabla. Asiyekula samaki atakula ugali na kisamvu akashiba, mradi usikitie dagaa. Najua mkono wa mtu wa Kigoma huchota dagaa wachache na kuwatupia kwenye sombe bila hata kufikiri. Safari hii uzuie.

Nunua hivi: dagaa wakavu robo tatu ya kilo, mawese nusu lita, kisamvu kibichi kilichotwangwa, kilo 1, karanga za kusaga robo kilo, unga wa mahindi kilo 1 na robo na wa muhogo robo tatu ya kilo, vitunguu maji 6, nyanya za kuiva 12 za wastani, nyanya chungu 12, kitunguu saumu kimoja, kipande cha tangawizi, malimao 3, pilipili kiasi, na chumvi. Tunda liwe ndizi mbivu au nanasi, lipi liko rahisi siku hiyo. Bei za sokoni hazikai mahali pamoja, kwa hiyo sikutajii bei ya kila kitu. Ila tenga mapema karibu theluthi moja ya pesa yako kwa dagaa peke yao, na uwanunue kwanza kabla ya vingine. Hapo ndipo penye thamani ya chakula chako.

Kuhusu dagaa, usingoje Jumamosi. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na dagaa huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina nguvu tena, ndiyo maana mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Angalia mwezi uko wapi wiki hii, ununue wakati wa giza. Wakavu watakaa wiki nzima ndani ya mfuko wa karatasi au kikapu, mahali pakavu. Ukisikia tangazo la kufunga Ziwa Tanganyika, yaani kusimamisha uvuvi kwa muda, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, weka akiba mapema zaidi.

Dagaa mzuri ana mng'ao wa fedha na mwili mzima, na ukimkunja anakatika. Anayepinda kama uzi hajakauka, ataota ukungu. Tumbo likiwa la njano na harufu inakwaruza koo, mafuta yake yamekwisha kuharibika, na hapo hakuna limao litakalomwokoa. Muulize muuzaji kama walianikwa kwenye vichanja au mchangani. Wa kichanjani huzidi bei kidogo, lakini utaokoa maji, muda, na meno ya wageni. Kama huliamini jibu lake, omba dagaa wachache uwatikise kwenye kikombe cha maji. Mchanga utauona chini.

Mawese nayo yana kuchagua. Yawe mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, yenye harufu tamu ya mchikichi. Yakinuka ukali, ni ya zamani. Unga wa muhogo uwe mweupe, usio na vidoa vyeusi vya ukungu, na utokane na muhogo uliovundikwa ukaanikwa sawasawa. Nunua kwa mtu unayemfahamu.

Kisamvu, Ijumaa jioni. Majani ya muhogo yana sumu asilia inayotoa sianidi. Kutwanga hulivunja jani na kuiachia sumu, kuchemsha huifukuza pamoja na mvuke. Ndiyo maana kisamvu kisichotwangwa vizuri ni hatari kuliko kilicholainika, na ndiyo maana sufuria haifunikwi mwanzoni. Kama umenunua kilichotwangwa tayari na bado unaona vipande vya majani, kirudishe kwenye kinu pamoja na punje 4 za kitunguu saumu. Kioshe kwa maji safi na ukikamue. Chemsha maji lita 3 hadi yatokote, ndipo utie kisamvu. Kiache wazi dakika 20 za mwanzo, dirisha likiwa wazi, kisha funika nusu na uendelee hadi itimie saa 1. Jani likiwa bado linakwaruza ulimini, ongeza dakika 20. Magadi hulainisha haraka, lakini yakizidi kidogo tu kisamvu kinateleza na kuwa na ladha ya sabuni. Kwa kuwa unapika siku moja kabla, muda unao, yaache.

Usitie karanga wala mawese Ijumaa. Kwa joto la Kigoma, na wewe huna friji, kisamvu chenye karanga kikilala kinaamka kimechacha. Kilaze kikiwa kimechemshwa kwa maji tu. Ipoze sufuria haraka kwa kuiweka kwenye beseni la maji baridi, ifunike, na Jumamosi asubuhi ukichemshe tena dakika 10. Usichovye kijiko cha kuonjea ukakirudisha humo.

Jumamosi, saa 9 alasiri, kaa na mtu mmoja wa kukusaidia mchambue dagaa. Robo tatu ya kilo kwa watu wawili huchukua karibu saa 1. Shika kichwa, bana tumbo kidogo kwa kucha, vuta: kichwa kitatoka na ule utumbo mweusi. Uchungu wa dagaa unaolalamikiwa siku zote uko kwenye huo utumbo. Wapo wanaopika dagaa wadogo na vichwa vyao, na kwa chakula cha kila siku si vibaya. Kwa wageni, chambua.

Kuosha ndiko wengi wanakokosea. Tumia maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Maji ya moto huivisha ngozi, dagaa wakaanza kumeguka kabla hawajaona sufuria. Watie kwenye beseni, wazungushe kwa mkono, kisha WAINUE kwa viganja uwahamishie kwenye beseni la pili. Usimwage maji ukiwa umewakinga kwa mkono, kwa sababu mchanga uliokwisha tua chini unawarudia. Fanya hivyo mara tatu, au mpaka chini ya beseni paonekane safi. Wasikae majini zaidi ya dakika 5 kwa jumla. Watandaze kwenye ungo dakika 15 wachuje maji.

Saa 11 na nusu washa mkaa, na kwenye gesi weka kikaango kikavu. Kaanga dagaa bila mafuta, kwa moto wa wastani, mafungu matatu, kila fungu dakika 6 au 7, mpaka uwasikie wakikwaruzana kama majani makavu. Wote kwa mara moja watatoa jasho na kuchemka badala ya kukauka. Dagaa aliyekaushwa hivi anabaki mzima kwenye mchuzi, na harufu kali inapungua. Usiwaache waingie weusi. Dagaa aliyeungua ana uchungu wake mwingine, na huo hautoki.

Saa 12 na robo jioni, sufuria ya kati kwenye mkaa, mimina mawese kiasi cha glasi ya wastani, yaani mililita 200. Yakianza kurukaruka na kutoa povu, yana maji, subiri yatulie kwanza. Usiyachome mpaka yapoteze wekundu, kama wanavyofanya wanaoogopa harufu yake. Ule wekundu ndio ladha, na ndio unaotengeneza vitamini A mwilini. Kama unahofia wageni wa Dar es Salaam hawajazoea, weka nusu mawese na nusu mafuta ya alizeti. Tumbo lisilozoea mawese mengi huweza kulegea, kwa hiyo tahadhari hiyo ina maana.

Tia vitunguu 4 vilivyokatwa vyembamba, vilainike bila kuwa kahawia. Fuata kijiko kimoja cha chakula cha kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, kisha nyanya 9 zilizokunwa. Hapa ndipo pa kuvumilia: dakika 15 kamili, ukikoroga, mpaka uone mafuta yamejitenga na kupanda juu. Nyanya isiyofika hapo inaacha mchuzi mchachu wenye majimaji, na watu husema "dagaa hawakukolea" kumbe ni nyanya. Tia nyanya chungu ulizozichana msalaba bila kuzitenganisha, kikombe kimoja cha maji, funika dakika 12. Usitie limao sasa. Uchachu wake huzuia nyanya chungu kulainika, zikabaki na moyo mgumu.

Zikishabonyea, tia dagaa na kikombe kingine cha maji ya moto. Geuza kwa mwiko ukitokea chini, taratibu. Usikoroge kama uji. Dakika 7 zinatosha. Onja ndipo utie chumvi, maana dagaa wengine hutiwa chumvi kabla ya kuanikwa na huwezi kujua kwa macho. Anza na nusu kijiko cha chai. Epua, kamulia limao moja na nusu, funika.

Wakati dagaa wako kwenye mkaa, gesi iwe na kisamvu. Kaanga vitunguu 2 na nyanya 3 kwenye vijiko 5 vya mawese, tia kisamvu, kikishachemka tia karanga ulizokwisha koroga kwenye maji ya uvuguvugu. Zikiingia kavu zinashikana madonge. Baada ya karanga kuingia usiondoke jikoni: moto mdogo, dakika 15, ukikoroga hadi kwenye kitako, kwa sababu karanga huzama na kuungua kimya kimya. Mwiko wa kisamvu usiingie kwenye dagaa ukarudi. Kwa asiyekula samaki hilo si jambo dogo.

Pilipili ziponde pembeni na chumvi na limao lililobaki, ziwe kwenye kibakuli mezani. Sufuria zote mbili zisione pilipili hata moja. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kusumbuliwa hata na ile iliyochemka ndani nzima nzima. Limao la kwenye dagaa nalo linaweza kumsumbua, basi mchotee sehemu yake kabla hujalikamua.

Ugali ndio kazi ya mwisho, saa 1 kasorobo. Kilo 2 za unga kwa mkono mmoja huwezi kuusonga ukaiva. Songa mara mbili, kilo 1 kila mara. Chemsha maji lita 2, chota nusu lita uweke pembeni yakiwa moto. Koroga viganja viwili vya unga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, mimina, upate uji mwepesi uchemke dakika 8. Ongeza unga wa mahindi uliobaki, songa dakika 5, ndipo utie wa muhogo. Muhogo huiva upesi na kuvuta maji yote kwa ghafla. Ukitangulia unakuwa gundi na wa mahindi unabaki mbichi ndani. Punguza moto, kandamiza kwenye ukuta wa sufuria ukigeuza, ongeza yale maji ya pembeni kijiko kwa kijiko ukiona unakatikakatika. Uko tayari ukiachia sufuria na ukingo wake unang'aa. Wa kwanza utie kwenye hotipoti, au bakuli lililofunikwa na kuzungushiwa kanga nzito. Utakaa moto dakika 30 bila shida, na wa pili utakuwa tayari.

Usipakue dagaa mapema. Mawese yakipoa huanza kuganda, yakashika kwenye midomo na kaakaa, na chakula kizuri kikaonekana kizito. Iache sufuria kwenye jiko, mkaa ukiwa umefunikwa majivu, mpaka watu wameshanawa. Watu tisa kunawa kwa birika moja na beseni huchukua karibu dakika 10, kwa hiyo maji ya kunawa yapite ugali wa pili unapoanza kusongwa.

Kwa vyombo, usihangaike kuazima sahani tisa. Masinia matatu, watu wawili au watatu kila moja: ugali katikati, kisamvu upande mmoja, dagaa wakiwa kwenye bakuli lao. Asiyekula samaki mwandalie sahani yake peke yake bila kutangaza. Wageni wakifika saa 12 na njaa ya safari, chai ya mchaichai na karanga za kukaanga zitawashikilia, wala hazitawashibisha.

Na mume wako, mwanangu, mpe mwiko wa ugali wa pili. Muhogo ukishaingia unataka mikono yenye nguvu, na wakati huo wewe utakuwa umeshanawa uso, umevaa kitenge chako, umekaa na wageni.

Shangazi